Mkaja Wangu Ulifungwa Kiunoni kwa Dada Yangu

"Mwenye tumbo lililombeba binti huyu asimame, tumfunge mkaja wake."

Aliyesema hivyo ni mshenga. Yeye yuko Muheza, mkoa wa Tanga. Mimi niko Durban, Afrika Kusini, jikoni kwa watu, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya mafuta ya kula ili niione vizuri mahari ya mwanangu.

Nikasimama.

Jamani msinicheke. Nilisimama kweli, na aproni yangu, mikono imejaa unga. Nani ananiona? Hakuna. Lakini tumbo limeitwa, na mwenye tumbo ni mimi.

Kwenye simu nikamwona mtu mwingine anasimama.

Dada yangu, Leokadia.

Akapita mbele taratibu, kajifunga kitenge kipya, macho chini kama mama mkwe anavyotakiwa. Wakamzungushia khanga kiunoni, wakafunga fundo. Vigelegele vikapigwa mpaka spika ya simu ikaanza kukwaruza.

Halafu Yusta, mtoto niliyemzaa mimi, akapiga magoti mbele ya Leokadia.

"Asante, mama, kwa kunizaa."

Kwa kunizaa...

"Leokadia! Kaa chini!"

Hiyo sauti ni yangu. Picha ikatingishika. Msichana wa jirani aliyekuwa amenishikia simu upande ule akanong'ona, "Shangazi, unasikika huku." Kisha skrini ikawa nyeusi.

Kanikatia.

Nilipogeuka, tumbili alikuwa dirishani kakumbatia mkate wangu mzima. Wanaoishi mtaa huu wa Glenwood wanawajua tumbili wetu. Siku hiyo kila mtu aliamua kuchukua changu.

Kwa wale msiojua mila zetu niwaeleze haraka. Mkaja ni ile nguo mwanamke anayofungwa tumboni akishajifungua, tumbo lirudi. Binti akiposwa, upande wa mwanaume unamletea mama yake khanga, wanamfunga kiunoni mbele za watu. Ni kumwambia: uliumia, tumeona. Baba ana kilemba, mjomba ana chake, bibi ana chake. Mkaja ni wa aliyezaa. Hauazimwi.

Mimi ndiye Benedicta. Baba wa Yusta alipoambiwa nina mimba alisema anakwenda Arusha kutafuta maisha, na mpaka leo naona hajayapata maana hajarudi. Yusta alikuwa bado hajasimama dede nilipopata mama mmoja mfanyabiashara wa kunileta Durban nimlelee watoto wake.

Leokadia na mumewe, shemeji Dominiki, walikuwa hawajajaliwa mtoto. Siku naondoka dada alimchukua Yusta mikononi mwangu, akamtupia mgongoni, akamfunga na khanga. Akaniambia, "Nenda. Mgongo huu una nafasi."

Ubatizo na shule, mtoto akaandikwa wa Dominiki na Leokadia. Nilikubali. Nilijiambia karatasi haijawahi kushikwa na uchungu.

Halafu nikaanza kuwa watu wengine.

Nyumba ya kwanza hapa Durban waliniita Betty, kwa sababu Benedicta lilikuwa refu mdomoni mwao. Nyumba ya pili waliniita Sisi, kama wanavyoitwa wadada wote wa kazi mji huu. Betty hakuwa na mtoto. Sisi hakuwa na kwao. Nikiwa na hamu ya kuwa Benedicta, ilibidi nisubiri jioni niipigie simu Muheza.

Sasa niko Glenwood kwa Wakongo wa Bukavu. Baba anaitwa Pascal, anafanya kazi kiwandani, eneo la Jacobs. Mama ni Marie-Claire, ana saluni yake mtaa wa Overport. Mimi namwita Mama Grâce, kwa jina la binti yao. Grâce yuko darasa la tatu. Kitovu chake kilikauka mikononi mwangu, mgongo wangu ndio ulimlaza mpaka alipokataa mwenyewe kubebwa.

Yeye ananiita Mama Bene. Marie-Claire anamwita Maman.

Turudi kwenye simu yangu.

Nilimpigia Yusta mpaka kidole kikachoka. Mwisho akapokea.

"Haloo, mama mdogo. Shikamoo."

Mama mdogo?

Siku zote alikuwa ananiita "mama wa Sauzi". Halikuwa jina zuri sana, lakini neno mama lilikuwa la kwanza.

"Yusta, umeniita nani?"

"Mama mdogo, niko na wageni. Nitakupigia."

"Sogea pembeni sasa hivi."

Nikasikia hatua. Nikasikia mlango.

"Haya. Niko chumbani. Usipige kelele, ukuta wenyewe mwembamba."

"Kwa nini Leokadia kafungwa mkaja wangu?"

"Hawa watu wanajua mimi ni mtoto wa baba Dominiki na mama Leokadia. Tangu siku ya kwanza wanajua hivyo. Hata mchumba wangu."

"Ulimdanganya mchumba wako?"

"Aliniuliza mama yako ni nani. Nikamwonyesha aliyekuwa amekaa pale."



"Yusta. Unajua ni mimi niliyekuzaa."

"Najua. Mama alinieleza nilipovunja ungo."

"Sasa?"

Nikamsikia anakaa kitandani.

"Yusta, nimekaa huku jikoni za watu kwa ajili yako. Kila kitu kwa ajili yako. Kila Krismasi viatu, kila..."

"Viatu vilikuja," akasema. "Nashukuru."

"Ehe."

"Vilikuwa vidogo, mama."

"Vipi?"

"Kila mwaka vilikuwa vidogo. Mama Leokadia alikuwa anavigawa kwa watoto wa jirani. Aliniambia nisikwambie, utaumia."

Mnielewe hapo. Nilikuwa naingia duka la viatu, nafumba macho, namuona Yusta, nanunua. Kumbe mtoto niliyekuwa namuona alishapita zamani. Nilikuwa namvisha mtoto ambaye hayupo.

Nikasikia simu inapokelewa na mkono mwingine.

"Bene." Ni Leokadia. "Usimlize mtoto leo."

"Umefunga mkaja wangu, dada."

"Watu wameita tumbo. Tumbo lako liko Durban. Mtoto akaniangalia mimi. Ulitaka nifanye nini, niwaambie wafunge khanga kwenye simu?"

"Ungewaambia ukweli!"

"Ukweli upi? Kwamba huyu binti mnayemtolea mahari hana baba anayejulikana? Kwamba mume wangu anayepokea kilemba si baba? Niseme hivyo wageni wameshika sahani?"

Alikuwa na haki. Hasira haisikilizi haki ya mtu. Nilitafuta neno la kumchoma na nililijua liko wapi.

"Umekosa wa kwako," nikamwambia, "ukachukua wangu."



"Haya," Leokadia akasema. "Asante, mdogo wangu."

Akakata simu.

Mngeniambia niishie hapo, mngekuwa wasomaji wazuri. Lakini hamkuwepo.

Nilimtumia ujumbe yule msichana wa jirani anipe namba ya mshenga, Mzee Hilari. Akanipa, watoto wa siku hizi hawana siri. Nikabonyeza, nikarekodi sauti.

"Mzee Hilari, mkaja wenu mmeufunga kiuno kisicho chenyewe. Mama mzazi wa Yusta ni mimi Benedicta, niko Durban. Muulizeni dada yangu alijifungulia wapi, na nani alimshika mkono."

Nikatuma.

Tiki zikawa za bluu.

Nilijisikia mshindi, kusema kweli. Nilipika ugali siku hiyo nikiimba.

Kesho yake, tumetoka kanisani, simu ikaita. Namba ya Tanzania.

"Mama Benedicta? Mzee Hilari hapa."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mama, neno lako ni zito. Nimelipeleka kwa wenyewe."

"Ndiyo, mzee."

"Kwetu, mkaja ukifungwa tumbo la uongo, mahari yote inarudi. Na upande wa bwana harusi wanauliza, kama tumedanganywa kwenye mama, je, kwenye baba? Baba yake kijana ameshasema hataki tena."

Nikasogea pembeni ya ukuta wa kanisa.

"Hataki nini, mzee?"

"Ndoa. Nimemsihi asubiri. Jumamosi tunakaa kikao, pande zote. Tutakupigia mbele ya watu wote. Utajibu mara moja, nani kamzaa binti, na hatutauliza tena."

"Na Yusta anasemaje?"

"Binti hasemi. Tangu jana hajala."

Sasa najua mnachotaka kuniuliza. Benedicta, si upande basi uende? Nyinyi hamjui karatasi zetu hizi za ukaazi. Nikivuka mpaka kutoka, sirudi tena. Miaka yote nimekwenda nyumbani mara moja tu, karatasi zikiwa bado hai, Yusta akiwa darasa la pili, na siku nzima alijificha nyuma ya sketi ya Leokadia ananichungulia kama mgeni wa kanisani.

Katikati ya wiki nilipeleka chakula saluni Overport. Huguette, Mkongo anayesuka pale, ni rafiki yangu. Nikammwagia yote.

"Useme," akaniambia, hata mkono haukusimama kwenye kichwa cha mteja. "Mutoto ni wako. Uko na droit, ni haki yako."

"Ndoa itavunjika, Huguette."

"Bwana iko mingi. Maman ni moya."

Mteja akatikisa kichwa kukubali, na alikuwa Mzulu, hajui hata tunasema nini.

Nikatoka pale nimeamua. Jumamosi nitasema. Yusta atalia, atakasirika, mwisho atakuja kunishukuru. Mtoto ni wangu. Nitafungwa mkaja wangu hata kama ni kwa simu.

Alhamisi ikanionyesha.

Grâce alirudi shule akakuta tumbili ukutani. Akapanda kuwafukuza, nikamwambia shuka, akasema, "Mama Bene, relax." Akateleza. Kidevu kikapiga tofali, kikafunguka. Damu mpaka soksi.

Nilimfunga kwa taulo, nikambeba mgongoni na ukubwa ule. Jirani akatukimbiza hospitali kwa gari. Njia nzima nampigia mama yake. Haipokelewi. Baba yake, haipokelewi. Kiwandani kwao simu zinawekwa kabatini.

Nesi akatupokea. Akamtazama mtoto, akatutazama sisi watu wazima.

"Who is the mother? Somebody must sign, we need to stitch her now."

Nikaangalia simu. Marie-Claire hapokei.

Grâce akageuza uso wenye damu, akaniangalia mimi. Akanishika aproni.

"Mama Bene," akasema.

"Are you the mother?" nesi akauliza tena.

"Yes," nikasema. "Mimi. It's me."

Nikatia sahihi. Tukaingia ndani. Nilimshika mikono wakati wanamshona, namwimbia nyimbo za kwetu Muheza, naye ananibana vidole mpaka vinakufa ganzi.

Wakiwa wanamalizia, nikasikia sauti nje ya pazia.

"Mutoto wangu iko ndani. Please, my child."

"Sorry, mama, only the mother is allowed in there."

"I am the mother."

"No, mama. The mother is inside already."

Wapendwa... mimi nilikuwa upande wa ndani wa pazia. Jumamosi iliyopita wa nje nilikuwa mimi.

Nikafungua pazia. Alikuwa na aproni ya saluni, glavu moja bado mkononi, anatoka jasho. Hakunitazama mimi. Alikuwa anatazama mkono wa mwanae ulioshika nguo yangu.

Nikamweleza nesi, nikaomba radhi. Nesi akakunja uso, akamwita Marie-Claire atie sahihi upya, mambo yakaisha. Kwa nesi yaliisha.

Tukakaa kwenye benchi kusubiri dawa. Grâce kanilalia mimi.

"Ulimwambia infirmière, ule nesi, kama weye njo maman yake?" Marie-Claire akauliza. Polepole.

"Ndiyo, Mama Grâce. Nilikupigia, hukupokea."

"Séchoir ya kukausha nywele ilikuwa inafanya makelele. Sikusikia."

"Nilijua umebanwa na kazi."

"Natumika tangu asubuhi mpaka magaribi juu ya uyu mutoto. Juu yake yeye tu. Aende kwenye masomo ya muzuri, asiteseke sawa miye nilivyoteseka." Akavua ile glavu. "Sasa wanauliza maman ni nani, eko naangalia weye."

"Alikuwa anaumia. Ameangalia aliyekuwepo."

Nilisema hivyo mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nilipomaliza kusema, nikasikia nilichosema.

Mtu ameuliza mama yuko wapi. Mtoto ameniangalia. Nimesema ni mimi. Sikuiba mtoto wa mtu. Nilikuwa na damu yake kwenye aproni na hapakuwa na mtu mwingine.

"Nifukuze kama unataka," nikamwambia.

"Nikufukuze, halafu alie, nani atamunyamazisha?" Akajifuta macho kwa kiganja. "Haiko kosa yako, Mama Bene. Njo maana inaniuma."

Pascal alikuja na gari kutoka Jacobs. Nilimlaza Grâce kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mama yake, mimi nikakaa mbele.

"Mama Bene, kaa na mimi," Grâce akalia.

"Kaa na Maman," nikasema.

"Nakutaka wewe."

Kutoka robot ya kwanza, yaani taa za barabarani, mpaka nyumbani sikugeuka. Nyuma nilimsikia Marie-Claire anajaribu ule wimbo wangu wa Muheza, maneno hayajui, anaimba sauti tu. Mtoto akanyamaza kidogo kidogo.

Jumamosi ikafika.

Niliweka simu mezani jikoni. Wali ulikuwa motoni. Marie-Claire hakwenda saluni siku hiyo, alikuwa sebuleni na Grâce.

Simu ikaita.

"Mama Benedicta, nimeweka sauti kubwa. Watu wote wanakusikia. Yupo baba wa kijana na ndugu zake. Yupo Mzee Dominiki. Yupo dada yako, na binti yupo."

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba," wakaitikia wengi.

"Mama, tunauliza mara moja. Binti huyu Yusta, nani kamzaa?"

Kabla sijafungua mdomo, nikamsikia Leokadia.

"Sema, Bene," akasema. "Khanga nimeifungua, iko hapa mezani. Sema, mdogo wangu, mimi siudhiki."

Sauti yake haikuwa ya ugomvi. Alikuwa ananirudishia.

Nikawaza neno moja tu. Nikisema ni mimi, nakuwa Benedicta tena, mama wa mtu, mbele ya wazee. Halafu? Yusta anapoteza mume. Anapoteza baba, maana Dominiki atavuliwa ubaba mchana kweupe. Na yule aliyekesha naye kwa surua, kwa malaria, kwa jino la kwanza, anageuka mwizi kwenye nyumba yake mwenyewe. Vyote hivyo ili mimi nifungwe khanga.

"Mama Benedicta, unatusikia?"

"Nawasikia."

"Nani kamzaa?"

"Dada yangu," nikasema. "Leokadia ndiye kamzaa. Mimi ni mama yake mdogo."

Watu wakaguna.

"Na yale maneno uliyonitumia?"

"Ni wivu, mzee."

"Wivu?"

"Mimi sijawahi kuzaa. Nimekaa ugenini miaka mingi, nalea watoto wa wenzangu. Nilipoona mkaja unafungwa, roho ikaniuma. Nikasema uongo. Naomba mnisamehe."

Sijawahi kuzaa... Nimelitamka hilo kwa sauti, na tumbo langu liko palepale, na michirizi yake.

"Loo," akasema mzee mmoja, nadhani baba wa kijana. "Pole, mama. Hawa wa Sauzi upweke unawatesa. Kumbe ndivyo?"

"Ndivyo, mzee."

"Usikate tamaa, Mungu atakukumbuka na wewe."

"Amina."

Mtu fulani akacheka. Wengine wakaitikia amina. Nikasikia viti vinasogezwa, watu wanapumua, maneno ya harusi yanaanza kurudi.

"Dada," nikasema. "Funga khanga yako."

Leokadia aliangua kilio ambacho sijapata kukisikia hata siku tunamzika mama yetu. Wale wazee wakaanza kumbembeleza. Walidhani analia kwa kusingiziwa.

"Binti," akasema Mzee Hilari, "mama yako mdogo ameomba msamaha mbele ya wazee. Mjibu, tufunge hili jambo."

Nikasubiri. Niliomba Mungu asiseme. Niliomba aseme chochote kingine.

"Nimekusamehe, mama mdogo," akasema Yusta.

Sauti ilikuwa kavu, ya mtu anayesoma ubaoni.

"Asante, mwanangu," nikamjibu. Mama mdogo anaruhusiwa kusema mwanangu.

Simu ikakatika. Wali ulikuwa umeungua.

Marie-Claire alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alianza kusikiliza wapi.

"Miaka yote hii hatukukuuliza," akasema. "Haukuzala kweli?"

"Nilizaa."

"Ule bibi harusi?"

"Yule."

"Sasa juu ya nini ulikatala?"

Nikamtazama. Yeye ndiye mtu pekee Durban nzima ambaye angeweza kuelewa, na nadhani alishaelewa kabla sijajibu, maana alikaa chini.

"Mama Grâce, ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Alivuta bakuli la viazi, akachukua kisu, tukamenya wote wawili mpaka vikaisha. Tulimenya vingi kuliko watu waliokuwepo.

Harusi ilishapita. Video hawakunitumia, na sikuomba. Niliona picha moja tu kwenye status ya yule msichana wa jirani. Yusta ana gauni la mikono mirefu, amependeza kupita kiasi. Leokadia yuko kushoto kwake, anatazama pembeni. Kwa chini yule msichana ameandika: Hongera Mama Yusta. Wakampongeza wengi. Na mimi nikampongeza.

Dada yangu hunipigia simu sasa kila Jumapili. Hatuzungumzi lile. Ananiambia mvua imenyesha au haijanyesha, mimi namwambia tumbili wamefanya nini. Yusta hajapiga. Pengine siku moja akiwa na wa kwake mgongoni atanipigia, au hatapiga. Siwezi kumdai.

Wadogo zangu mnaotafuta pasi za kusafiria mwende Durban, Dubai, Oman, popote, sisemi msiende. Watoto wanakula kwa sababu tuliondoka. Ila mjue mnachokiacha. Hamuachi mtoto peke yake, mnaacha na kiti chenu, na mtoto hawezi kukitazama kiti kitupu miaka yote. Atamkalisha mtu. Akishamkalisha, usije ukarudi kwa simu kumwangusha yule mtu mbele za watu. Mshukuru, hata kama roho inapasuka. Mimi nilichelewa kumshukuru, na bei yake mmeiona.

Na nyinyi mliokuzwa na mama wakubwa na bibi, huku kuna mwanamke nje ya nchi anawaita wanangu... sisemi mumpende sana. Mpokeeni tu simu.

Majina yote humu nimeyabadilisha, hata langu. Msianze kumtafuta mtu Muheza, msim-tag mtu. Kule nimeshajibu, na jibu langu litabaki hilohilo mpaka nizikwe. Nyinyi hamnijui, ndiyo maana nawaambia.

Nilimzaa mimi. Uchungu ulinishika sokoni asubuhi nachagua nyanya, nikafika zahanati kwa miguu. Alitoka na nywele nyingi mpaka mkunga akaita wenzake waje waone. Aliponiuliza mtoto anaitwa nani, sikuwa nimeshauriana na mtu yeyote. Jina lake la kweli, lile ambalo sijaliandika hapa, nilimpa mimi, na mpaka leo ndilo wanalomwita.